Siri Haitunzwi kwa Midomo Peke Yake

Na Frateri wa mwaka wa tatu, Falsafa

Ukimuuliza Mkatoliki yeyote padre anatunzaje siri, atakujibu: hasemi. Jibu hilo lilitosha kwa muda mrefu, na kwa siri ya kitubio linatosha hadi leo, kwa sababu kitubio hakiandikwi popote. Lakini siri nyingine nyingi tunazokabidhiwa katika utume siku hizi zinaandikwa, zinapigwa picha na kutumwa. Maelezo ya mke anayeomba ndoa yake ichunguzwe na mahakama ya jimbo yanasafiri kutoka kwa paroko kwenda kwa notari kwa njia ya simu. Cheti cha hospitali cha mgonjwa anayeomba msaada kinakaa kwenye barua pepe ya ofisi ya parokia, ambayo nywila yake imebandikwa pembeni ya kompyuta ili karani asisahau. Hata sisi mafrateri, tukiwa likizo au kwenye mwaka wa uchungaji, watu wanatueleza mambo yao kwa meseji ndefu za kurasa nzima. Niliwahi kushuhudia ukurasa wa pili wa maelezo ya ndoa ukitua kwenye kundi la simu la kwaya. Aliyeutuma alikusudia kumtumia mtu mmoja. Aliufuta baada ya dakika chache, na katika dakika hizo waliohusika na wasiohusika walikuwa wameshausoma. Hakuna aliyefungua mdomo, na siri ilikuwa imetoka.

Hoja yangu ni kwamba anayeahidi kutunza siri anawajibika pia kukijua chombo kinachoibeba. Nashauri kila frateri, kabla hajavuka kwenda Teolojia, akae alasiri moja mbele ya kompyuta na kubadilishana ujumbe na mwenzake kwa programu iitwayo GnuPG, ambayo kwenye kompyuta huitwa kwa herufi tatu tu: gpg. Sisemi aitumie maisha yake yote. Huenda asiiguse tena. Lakini programu hiyo ina tabia moja ambayo simu zetu hazina: inakuuliza maswali ambayo mtu anayebeba siri za wengine anapaswa kuwa ameshajiuliza.

Nieleze kwanza ni kitu gani. gpg haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Unafungua lile dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri kwa herufi, nayo inatii au inakukatalia. Ukitaka kuufunga ujumbe ili asomwe na mtu mmoja tu, unaandika gpg --armor --encrypt --recipient, kisha anwani ya mtu huyo na jina la faili lako. Yeye akiupokea anaandika gpg --decrypt. Katikati ya amri hizo mbili kuna ukurasa wa herufi na tarakimu zisizosomeka. Unaweza kuutuma kwa barua pepe, kuuweka kwenye flashi, hata kuuchapa kwenye karatasi na kumpa dereva wa basi. Atakayeuokota njiani ataona takataka.

Siri ya kazi hiyo iko kwenye wazo lililotangazwa mwaka 1976 na Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, na kupewa njia ya utekelezaji mwaka uliofuata na Rivest, Shamir na Adleman. Kabla yao, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa fumbo walilazimika kwanza kukutana na kugawana ufunguo mmoja, au kumtuma mjumbe aliyeubeba. Na mjumbe akikamatwa, kila kitu kimekamatwa. Wao wakatenganisha kufunga na kufungua. Fikiria kufuli la kubana, lile ambalo kulifunga hakuhitaji ufunguo. Mimi natengeneza makufuli elfu moja yaliyo wazi, yote ya ufunguo mmoja, nayagawa kwa kila anayetaka, hata kwa wasionipenda. Yeyote anaweza kuweka barua kwenye sanduku na kulibana kwa kufuli langu. Akishalibana, hata yeye mwenyewe hawezi tena kulifungua. Ufunguo ni mmoja na uko kwangu. Katika gpg, kufuli huitwa ufunguo wa hadhara na ule mwingine ufunguo wa siri, na badala ya chuma kuna hesabu: katika funguo za mfumo wa Rivest, Shamir na Adleman, kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi kwa kompyuta, lakini ukipewa jibu tu na kuambiwa utafute namba zilizozidishwa, kazi hiyo haiishi. (Waingereza watatu wa idara ya usikilizaji ya serikali yao waliligundua wazo hili mapema zaidi katika miaka hiyohiyo ya 1970, lakini wakazuiwa kulisema hadi 1997. Siri ya kutunza siri ilitunzwa vizuri mno.)

Aliyelileta wazo hilo kwenye kompyuta za watu wa kawaida ni Phil Zimmermann, Mmarekani, mwaka 1991, kwa programu aliyoiita PGP. Sheria za Marekani za wakati huo ziliweka usimbaji wa aina hiyo katika kundi moja na silaha, hivyo programu ilipovuka mipaka kupitia intaneti, Zimmermann akachunguzwa kwa miaka kadhaa kana kwamba amesafirisha mabomu. Uchunguzi ulifungwa mwanzoni mwa 1996 bila kushtakiwa. Katikati ya sakata hilo, mwaka 1995, msimbo wote wa programu ulichapwa kama kitabu, kwa sababu kitabu kililindwa na sheria kuliko diski. Kisha mwaka 1997 Mjerumani Werner Koch akaanza kuandika GnuPG, inayofanya kazi ileile lakini ni huria: yeyote anaweza kuichukua bure na kuusoma msimbo wake mstari kwa mstari. Mwaka 2015 ulimwengu ulishangaa kusikia kwamba chombo kilichotegemewa na waandishi wa habari na watetezi wa haki duniani kote kilikuwa kinaendeshwa na Koch karibu peke yake, naye hana fedha. Michango ikamiminika baada ya habari hizo kutoka. Ni aina ya utumishi ambao mtu wa seminari anaweza kuutambua.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya majasusi, si ya mapadre. Historia yetu wenyewe inawakatalia. Leon Battista Alberti, mtu wa Kanisa aliyewahi kufanya kazi katika ofisi iliyoandaa barua za Papa, aliandika mnamo 1466 au 1467 andiko fupi juu ya maandishi ya fumbo, na analianza kwa mazungumzo katika bustani za Vatikano kati yake na Leonardo Dati, katibu wa Papa. Humo alieleza visahani viwili vya duara, kimoja ndani ya kingine, vinavyozungushwa ili herufi moja isibadilishwe daima kwa herufi ileile. Kitabu cha kwanza kuchapwa kuhusu fani hiyo, mwaka 1518, ni cha Johannes Trithemius, abate Mbenediktini, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Kitabu chake kingine kiliwekwa mwaka 1609 kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa, kwa kuwa alikivika mavazi ya kuita mizimu, kumbe ndani yake mna mafumbo ya herufi tu. Maskini abate alidhani siri inakuwa salama zaidi ukiificha njia yake. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kinyume chake: mfumo mzuri ni ule unaobaki salama hata adui akiujua wote, mradi hana ufunguo. gpg imejengwa juu ya kanuni hiyo. Hakuna ndani yake kitu kilichofichwa isipokuwa ufunguo wako.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo nimelisikia mara nyingi mezani: WhatsApp si inasimba? Inasimba, tangu 2016, mwisho hadi mwisho, na kwa hali moja inaishinda gpg. Inabadilisha funguo kila mara, kiasi kwamba anayeiba ufunguo wa leo hawezi kwa huo kufungua mazungumzo ya zamani aliyoyanasa njiani. Ufunguo wa gpg ukiibiwa pamoja na nywila yake, barua zote ulizowahi kufungiwa kwa kufuli lile zimekwisha. Basi kama shida yako ni kumwambia dada yako umefika salama, endelea na simu yako.

Lakini simu inaficha swali moja chini ya urahisi wake: huyu unayemwandikia ni nani? WhatsApp inajua namba ya simu. Namba si mtu. Namba inaweza kusajiliwa upya, simu inaweza kuwa mkononi mwa mtoto wa karani, na nchini kwetu sote tumepokea ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", uliotumwa na mtu asiyetujua hata kidogo akitumaini kwamba kweli tulikuwa karibu kumtumia mtu fulani hela. Utapeli huo haujavunja msimbo wowote. Umevunja tu dhana yetu kwamba ujumbe ukifika umetoka kwa tunayemdhani. WhatsApp yenyewe imeweka tarakimu 60 ambazo watu wawili wanaweza kulinganisha ili kuhakikisha hakuna aliyeingia kati yao. Niliuliza darasani kwetu nani amewahi kuzilinganisha. Wengi hawakujua zipo.

gpg haikuruhusu kulipita swali hilo kimyakimya. Kila ufunguo una alama yake, kama alama ya kidole, yenye herufi na tarakimu 40. Ukipokea kufuli linalosemekana ni la Padre fulani na kutaka kufunga barua kwa ajili yake, programu inasita na kukuonya kwamba hakuna uhakika kuwa ufunguo huu ni wa mtu aliyetajwa. Dawa yake ni ya kizamani kabisa: umtafute Padre huyo ana kwa ana, au umpigie simu ukiitambua sauti yake, akusomee zile alama nne nne, nawe uzifuate kwenye kioo chako. Zikilingana, unatia sahihi yako kwenye ufunguo wake. Kuanzia hapo hujasema kwamba yeye ni mwema au msema kweli. Umesema jambo dogo tu: ufunguo huu ni wake, nimehakikisha.

Hapa ndipo panaponivutia mimi kama mwanafunzi wa falsafa, na ndiyo maana sitaki tuishie kusema "kuna programu salama." gpg inatofautisha vitu viwili ambavyo katika Kiswahili cha kila siku tunavitupa vyote kwenye neno moja, kuaminika. La kwanza: je, ufunguo huu ni wa mtu huyu? La pili: je, mtu huyu ni makini kiasi gani anapothibitisha funguo za wengine? Kwa swali la pili inakupa majibu matano ya kuchagua, kuanzia "sijui" na "simwamini", kupitia "namwamini kiasi" na "namwamini kikamilifu", hadi lile la mwisho ambalo unatakiwa kulitumia kwa ufunguo wako mwenyewe. Kisha inafanya hesabu. Kwa kawaida yake, ufunguo wa mtu usiyemjua unakubalika ikiwa umethibitishwa na mtu mmoja unayemwamini kikamilifu, au na watatu unaowaamini kiasi. Msomaji wa Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, hatashangaa kusikia habari za mashahidi wawili au watatu. Anayeweza kuwa rafiki yako wa damu na bado ukamjibia "simwamini" katika swali hili ni yule mwema sana anayesaini chochote akiletewa. Na kinyume chake pia: mtu mgumu usiyependa kula naye meza moja anaweza kuwa shahidi bora wa utambulisho.

Kanisa lilikuwa na mazoea haya kabla ya kompyuta. Padre mgeni anapofika parokiani akitaka kuadhimisha Misa, Kanuni ya 903 inamtaka paroko amruhusu akionyesha barua ya utambulisho kutoka kwa mkubwa wake, au ikiwa kwa busara inaweza kuaminiwa kwamba hajazuiwa. Barua ile haisemi kuwa Padre huyu anahubiri vizuri. Inasema ni padre, na mwenye mamlaka amehakikisha. Cheti cha ubatizo kinachotoka parokia ya mbali kinatazamwa muhuri na sahihi kabla ndoa haijatangazwa. Mtume Paulo katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike anawaonya juu ya barua zinazosemekana zimetoka kwake, na mwishoni anaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe na kusema hiyo ndiyo alama katika kila barua yake. Huyo ni mtu anayeelewa kwamba maneno sahihi hayatoshi. Lazima ijulikane yametoka kwa nani. gpg nayo inatia sahihi, na mtu akibadilisha hata nukta moja kwenye andiko lililosainiwa, programu ya mpokeaji itatangaza kuwa sahihi ni mbovu. Nikifikiria meseji zinazozunguka zikidai zimetoka kwa paroko zikiomba mchango wa haraka, naona tuliiacha hekima ya muhuri siku tuliyoanza kutumia simu, na hakuna aliyetuagiza tuiache.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Chombo kinachofunga siri ya mgonjwa kinafunga pia siri ya mwizi, na Kanisa katika miaka yetu limeumia kwa kufichwa maovu kuliko kwa kuvuja kwa siri. Sitaki kulipita jambo hili kwa haraka, kwa sababu anayelitoa mara nyingi ana uchungu wa kweli.

Mtakatifu Thoma wa Akwino analigusa katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 70, kifungu cha kwanza, anapouliza kama mtu anabanwa kutoa ushahidi. Yale yaliyosikika katika kitubio anayaweka peke yake: padre hayatoi kamwe. Yale yaliyokabidhiwa kwa siri kwa njia nyingine anayagawa. Yapo ambayo mtu anabanwa kuyafichua mara anapoyajua, yale yanayoleta maangamizi ya roho au ya mwili kwa jamii, au madhara makubwa kwa mtu. Na ahadi ya kunyamaza haimfungi, kwa sababu kwa kunyamaza angevunja uaminifu anaodaiwa na mwingine. Yapo mengine ambayo habanwi kuyatoa, na hata mkubwa wake hawezi kumlazimisha. Katekisimu, namba 2489 hadi 2491, inafuata njia hiyohiyo. Na mwaka 2019 Papa Fransisko aliligeuza kuwa sheria ya wazi: mwezi Mei aliwabana makleri na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji wa kijinsia kwa mamlaka ya Kanisa, na mwezi Desemba akaondoa siri ya kipapa juu ya kesi hizo.

Hivyo mstari unaotenganisha siri takatifu na siri ya uovu haupiti kwenye chombo. Unapita kwenye jambo lenyewe na kwa nani anadaiwa ukweli. Waliofichiana maovu zamani walitumia kabati la mbao na ufunguo wa shaba, wala hawakuhitaji namba tasa. Tena mtoto aliyenyanyaswa anayetaka kumwandikia anayepokea taarifa jimboni ndiye wa kwanza anayehitaji barua isiyosomwa na karani, dereva na mkubwa wa yule anayemshtaki. Tukisema usimbaji ni wa wakosaji, tumemnyang'anya yeye.

Kuna jambo jingine nalolipenda katika gpg, na wanaosoma Kant watanielewa. Mwaka 1797 Kant alibishana na Benjamin Constant kama unaweza kumdanganya muuaji anayeuliza rafiki yako yuko wapi, akashikilia kwamba huwezi. Wengi tunamwona mkali kupita kiasi. Lakini angalia ujumbe wa gpg unavyoanza: mstari wake wa kwanza unatangaza kwa maandishi makubwa kwamba huu ni ujumbe wa PGP. Haujifanyi kuwa salamu za shangazi, kama zile barua za Trithemius zilizojifanya kuwa sala na dua kumbe zina fumbo. Unasema mbele ya kila mtu: hapa pana siri, na si yako. Kunyamaza kwa aina hiyo si kudanganya, na hata Kant nadhani angeukubali. Haki ya mtu kulindiwa faragha yake imo katika Kanuni ya 220, na tangu Mei 2023 imo pia katika sheria inayofanya kazi nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ofisi ya parokia yenye mafaili ya watu haiko nje ya dunia hii.

Nisipamba chombo kupita kilivyo. gpg ni ngumu, na ugumu wake umepimwa. Mwaka 1999 watafiti wawili Wamarekani, Alma Whitten na Doug Tygar, waliwapa watu 12 dakika 90 wajaribu PGP ya wakati ule, tena ile yenye picha na vitufe. Wanne tu ndio walioweza kuusaini na kuufunga ujumbe ipasavyo, na watatu waliutuma ule ujumbe wa siri ukiwa wazi kwa makosa. Edward Snowden alipotaka kumwandikia mwandishi wa habari Glenn Greenwald, alimwomba aweke PGP, akamtengenezea hata video ya maelekezo; Greenwald hakuiweka, na Snowden akamgeukia Laura Poitras aliyekuwa tayari anajua kuitumia. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba programu kadhaa za barua pepe zingeweza kutegwa zivujishe maneno yaliyokwisha kufunguliwa. Na kichwa cha barua pepe kwa kawaida hakifungwi: ukiandika "Kesi ya ndoa ya" na kuweka jina la mtu pale juu, umeshasema yote, hata kama barua yenyewe imefungwa kwa chuma.

Kwetu seminarini kuna shida iliyo karibu zaidi. Kompyuta za chumba cha kompyuta ni za wote. Ufunguo wa siri uliohifadhiwa kwenye mashine inayotumiwa na mafrateri arobaini haujafichwa kwa yeyote. Kwa hiyo zoezi ninalolipendekeza lifanyike kwa funguo za majaribio, zifutwe jioni ileile, na mwenye kompyuta yake ndiye atengeneze ufunguo wa kudumu akitaka. Wala mtu asije akafikiri kwamba ujumbe uliofungwa vizuri unafungua mlango wa kuungama kwa simu. Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilishasema mwaka 2002 kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti, na hesabu haziligusi jambo hilo.

Limebaki swali ambalo bado nalichimba. Kanuni ya 489 inaagiza kila jimbo liwe na kumbukumbu za siri, au walau kasha la siri lisiloweza kuhamishwa, na ya 490 inasema ufunguo wake awe nao Askofu peke yake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, maana ni gpg tupu: makaratasi yanaingia kutoka kwa wengi, ufunguo uko kwa mmoja. Lakini watunga sheria walifikiri mbele kidogo kuliko watunga programu. Walijua kwamba Askofu hufa. Wakaandika kwamba jimbo likiwa wazi, kasha lisifunguliwe isipokuwa kwa hitaji la kweli, na afungue msimamizi wa jimbo mwenyewe. Ufunguo wa kasha ukipotea, ataitwa fundi na grinda yake. gpg haina grinda. Mwenye ufunguo akifa na nywila yake kichwani, yote aliyofungiwa yanazikwa naye, yakiwemo yale ambayo haki ya mtu mwingine inayategemea. Programu inaruhusu ujumbe mmoja kufungwa kwa makufuli mawili, ili yeyote kati ya wawili aweze kuufungua, na hapo linakuja swali la nani awe wa pili. Niliwauliza walimu wawili wa Sheria za Kanisa. Mmoja alisema wakili wa Askofu. Mwingine alisema nywila iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha yenye lakiri, na bahasha iwekwe ndani ya kasha lilelile la chuma.